Sauti ya Dorica Ng'ambo ya Barabara

Pale mtaani kwetu Bangwe, kwenye kona ya bomba la maji, upande wa kushoto ukipanda kuelekea sokoni, hakuna muziki tena. Ukutani zimebaki kulabu mbili zilizoshika kutu, na chini ya kila moja kuna alama ya mraba ambapo rangi ya bluu haikupauka. Wageni hupita wasione kitu. Sisi tuliokaa hapo miaka mingi bado tunapunguza mwendo tukifika, na sikio la kushoto linasubiri lenyewe.

Hapo palikuwa pa Lackson Mbewe. Alikuwa na kibanda cha nyimbo: kompyuta kuukuu ya mezani, yenye kioo cha kisogo kirefu, na spika mbili zilizoning'inia nje. Watu walimletea simu, naye akawapakia nyimbo walizotaka. Lakini heshima yake ilitokana na mashine za wengine, zile zilizopoteza sauti. Shule, makanisa, ofisi ndogo za mjini Limbe, wote walikuwa na kompyuta zilizochakaa ughaibuni ndipo zikaletwa kwetu, na mara nyingi kitu cha kwanza kufa ndani yake kilikuwa sauti. Mtu akiingia na sanduku lake begani, Lackson hakuligusa. Aliuliza kwanza.

"Ilinyamaza ghafla, au ilianza kwa kukohoa?"

"Ilikohoa, kaka. Karibu wiki nzima."

"Basi haijafa. Wafu hawakohoi."

Kisha angefungua sanduku, apulize vumbi, achomoe kadi ya sauti na kuyasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, airudishe na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikae. Mashine ikiiona kadi lakini ikaendelea kunyamaza, alitafuta programu ya kuiendesha katika rundo la sahani za CD alizozitunza kwenye kopo la biskuti. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kukosea, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake katika kukosea huko, jambo ambalo ni raha kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Halafu Yohane Nkhata akafungua kibanda ng'ambo ya barabara.

Laiti Yohane angekuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kuchelewa kusema, aliyerudi kutoka migodini Afrika Kusini na mashine mpya kidogo na kinasa sauti chenye mguu wake wa chuma. Kila asubuhi alivuka barabara kumsalimu Lackson kabla hajafungua mlango wake mwenyewe. Lackson aliitikia. Kumchukia mtu anayekuwahi kwa salamu ni kazi ngumu, lakini aliianza.

Dorica, mkewe Lackson, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama kanisani. Kwaya ilipotaka kurekodi, alimwendea mumewe kwanza. Wakaimba ndani ya kibanda, wamebanana, huku jasho likiwatoka, na waliposikilizishwa, nyuma ya sauti zao kulikuwa na mlio wa mchirizo usiokoma. Lackson akarekebisha hiki na kile, wakarudia, mchirizo ukarudi. Mama NaMoyo, mwenyekiti wao, alijifunga upya kitenge chake.

"Lackson mwanangu, hii si kwaya. Hizi ni mandasi zinakaangwa."

Wakacheka, na wakavuka barabara.

Wimbo ule ulianza na sauti ya Dorica peke yake, mistari miwili mizima, kabla wenzake hawajaingia. Yohane aliupiga kila asubuhi anapofungua. Kwa hiyo kila asubuhi Lackson, akifagia mbele ya kibanda chake, alimsikia mkewe akitokea kwa mwanaume mwingine, msafi, bila mchirizo, karibu kuliko alivyowahi kumsikia nyumbani. Kulikuwa na pumzi moja ndogo kabla ya neno la kwanza. Pumzi ile ndiyo iliyomla. Alikuwa amelala kando ya pumzi ile miaka kumi na mmoja, naye Yohane ndiye aliyeinasa.

Wimbo ukaenea. Foster, muuza thobwa, ule uji mwepesi wa kunywa, alikuja siku moja akainua simu yake juu mbele ya watu kwenye foleni ya bomba.

"Lackson, mkeo ninaye mfukoni hapa. Nikae naye, au nimrudishe?"

"Kaa naye," Lackson akajibu, "ila uji wako umwekee sukari, hajazoea taabu."

Foleni ikaangua kicheko. Lackson alicheka kuliko wote, akacheka hata wengine walipokwisha kunyamaza, na hapo tukajua neno lile limemwingia.

Nyumbani, akila nsima, ugali wetu, aliuliza maswali yake akitazama sahani.

"Wakati wa kuimba ulisimama karibu na nani?"

"Karibu na kinasa sauti."

"Na kinasa kilishikwa na nani?"

"Kina mguu wake, Lackson. Kila mtu alikiona."

Mvua za mwaka ule zilikuja na radi. Radi moja ilipitia kwenye nyaya za umeme na kuingia kibandani kwake. Kompyuta ikapona, lakini sauti yake, ile iliyojengwa ndani ya ubao mkuu wenyewe, ikafa. Mtu mwingine angelia. Lackson alikuwa kama aliyefunguliwa kamba. Sasa alikuwa na sababu ya kutafuta kadi ya kweli, ya kuchomeka, yenye tundu safi la kinasa sauti. Kwaya ilikuwa na wimbo wa pili tayari, na akina mama walikwisha kuzungumza juu ya kurudi kwa Yohane. Dorica alisimama kanisani akawaambia: "Huu tutaurekodi kwa mume wangu. Nipeni hadi Jumamosi." Aliweka jina lake mwenyewe juu ya meza, na Lackson alijua. Jumamosi ikimkuta kimya, mkewe atavuka tena barabara, na safari hii akiwa na aibu ya mumewe mgongoni.

Aliipata kadi Limbe, katika lundo la vyuma vya mashine zilizochinjwa. Jioni aliyorudi nayo, bibi NaPhiri wa nyuma ya bomba akafariki.

Kwetu mtu akifa mtaani muziki unakoma, mpaka azikwe na nyakwawa, mkuu wa mtaa, aseme sasa fungueni. Yohane alizima yake saa ile ile. Lackson hakuwa na cha kuzima, lakini waliopita walimwona ameketi kimya nyuma ya mlango ulioegeshwa, wakasema kijana huyu ana adabu. Ndani alikuwa ameinamia sanduku. Aliichomeka kadi, akaibana kwa skrubu, akawasha. Mashine ikaiona. Programu ya kwanza haikukubali, ya pili ikakubali. Kwenye orodha sasa kulikuwa na sauti mbili, ya zamani na ya mgeni. Akaichagua ya mgeni.

Kujaribu kwa spika hakuwezekani, msibani. Basi alichukua visikilizio vya masikioni, akavichomeka kwenye tundu la kadi mpya, akafungua wimbo uliokuwa karibu. Ulikuwa ule ule. Dorica alikuwa ameuleta nyumbani zamani kwenye fleshi, naye hakuwahi kukubali kuufungua. Ile pumzi ndogo ikaja, halafu neno la kwanza.

Alimwita mkewe. Akamtia kisikilizio kimoja, kingine akabaki nacho, vichwa vikagusana maana waya ulikuwa mfupi.

"Unajisikia?"

"Najisikia."

"Kuna mandasi?"

Dorica akatabasamu. "Hakuna hata mafuta."

Walikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, na nyuma ya bomba wanawake walikuwa wakiomboleza.

Tulimzika NaPhiri Jumamosi asubuhi. Mjumbe wa nyakwawa akapita akisema tunaweza kufungua. Yohane akafungua, taratibu, sauti ya chini kwanza kama ilivyo heshima. Lackson alikwisha kuoga na kuvaa shati la kanisani. Akabonyeza, akapandisha sauti hadi mwisho.

Kimya.

Akakagua amplifaya: taa inawaka. Akafungua sanduku, akaikandamiza kadi tena. Kimya. Akavaa visikilizio, na Dorica alikuwemo, mzima, anaimba. Akavivua, na nje hakukuwa na kitu.

"Bambo," Foster aliita kwa heshima ya mzaha kutoka kwenye foleni, "kwenu mazishi ni lini?"

Hapo ndipo wivu ulipomfanyia hesabu. Kadi inasema, amesikia kwa masikio yake. Basi kosa liko nje. Spika zimelala nje siku zote za msiba, watu wote wakiwa kwenye maombolezo. Nani anafaidika zikinyamaza? Hesabu ilitoka sawasawa, na akavuka barabara akiwa na jibu.

"Umenikatia waya."

Yohane alikuwa akipanga simu za wateja. "Waya gani, kaka?"

"Usiniite kaka. Ulianza na mke wangu, sasa spika zangu."

Watu wakajaa. Akina mama wa kwaya walikuwa wanafika, wamevaa sare, Mama NaMoyo mbele. Mjumbe wa nyakwawa akarudi nusu njia. Yohane aliweka chini simu aliyoishika, akasema, "Twende tukaangalie."

"Huigusi mashine yangu."

"Mwache aangalie," alisema Dorica kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Lackson, mwache."

Yohane aliingia, akapiga magoti kwa shida nyuma ya meza. Aliushika waya wa spika pale unapoingia dirishani akaufuata kwa vidole, kupitia amplifaya, mpaka kwenye sanduku. Sisi wa vibanda tuna desturi ya kuyeyusha mfuko wa plastiki juu ya mahali waya unapoingia, ligande donge gumu, watoto na wezi wasiung'oe. Lackson alikuwa ameliweka donge lake miaka mitano nyuma, na waya ukawa kama sehemu ya mwili wa mashine. Ni nani huwaza kuhamisha sikio lake? Waya wa spika ulikuwa bado umegandishwa kwenye tundu la zamani, lile lililouawa na radi. Kadi mpya ilikuwa ikiimba kwenye tundu ambalo hakikuchomekwa kitu isipokuwa visikilizio.

Yohane aligeuza uso. Wakatazamana, yeye na Lackson aliyeinama naye, pale chini ya meza, na Lackson akaona alichokiona mwenzake.

"Panya," Yohane akasema kwa sauti ya kusikika nje. "Panya wametafuna hapa. Nipe kisu."

Akakata plastiki, akachomoa pini, akaisogeza kwenye tundu la pili. Sauti ya Dorica ikapasuka kutoka ukutani kwa nguvu iliyowafanya watoto waruke. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama NaMoyo alimsukuma Lackson begani. "Unatukana watu kwa ajili ya panya, wewe?" Wakacheka, hata mjumbe. Kwaya ikarekodi jioni ile, na wimbo ukatoka msafi. Kinasa kilichotumika kilikuwa cha Yohane. Dorica ndiye aliyekiomba.

Tulidhani yameisha. Yohane hakumwambia mtu kosa lilikuwa la nani, na hilo ndilo lililomtafuna Lackson kila asubuhi ya salamu. Msengenyaji angemsema, naye angejibu. Huyu alikuwa ameinunua heshima ya Lackson kwa neno moja na kumwachia aivae. Sanduku la mteja likiletwa, mikono ya Lackson ilichelewa. Dorica akimpungia Yohane mkono, Lackson alihesabu ameupunga mara ngapi.

Siku moja alimuuliza mkewe, akiwa ametazama sahani.

"Unajua hakukuwa na panya?"

"Nilijua siku ile. Niliiona plastiki."

"Na hukusema."

"Yohane alikwisha kusema lililotosha."

Sidhani kama alikusudia kumuumiza. Lakini walikuwa wameshirikiana jambo, hao wawili, hata kama jambo lenyewe lilikuwa kumstahi yeye. Kesho yake alizishusha spika. Dorica alisimama akishikilia ngazi.

"Tunahama kwa sababu ya panya?"

"Tunahama."

Lackson sasa yuko mji mwingine, Luchenza. Anatengeneza redio na kuchaji simu karibu na soko. Dorica yuko naye, na Jumapili anaimba katika kwaya ya huko.