Insha ya Mama Iliyoanikwa Uani

Karatasi inayotoka kwenye printa ikiwa bado moto ina harufu yake, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati, na hadi leo nikiinusa huisogeza mbali. Basi niseme mapema, kabla hamjaanza kunipenda: niliiharibu insha ya mama yangu. Sikuichana wala sikuimwagia chai. Niliipamba. Nilikuwa gredi ya sita, umri ambao mtu anaamini kwamba akipewa nafasi anaweza kurekebisha chochote, na mama alinipa nafasi.

Ulikuwa msimu ule wa kiangazi kabla ya mvua za Novemba, vumbi la Machakos linapoingia hadi ndani ya mswaki. Tulikaa kwenye ploti moja nyuma ya soko, vyumba vimetazamana kama wanafunzi waliogombana, katikati uwanja mdogo wa simiti wenye bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mama alishona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja huko Athi River. Aliondoka kabla sijaamka, akarudi na nyuzi za bluu kwenye nywele. Jumamosi, wenzake wakipumzisha miguu, yeye alikwenda chuoni mjini kusomea ualimu wa chekechea. Alikuwa na hamu moja tu na aliisema kila wiki: aachane na ile cherehani, afundishe watoto wadogo karibu na nyumbani, jioni awe anafika jua likiwa bado lipo. Kilichobaki kilikuwa mazoezi ya kufundisha, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda mazoezini kabla ya kupita somo la Kiswahili. Na somo la Kiswahili lilikuwa insha moja ndefu ya kitaaluma: je, mtoto wa chekechea afundishwe kwanza kwa lugha ya nyumbani au kwa Kiswahili?

Mama aliiandika kwa mkono kwenye fulskepu, akanipa niipeleke saiba, kwenye duka la kompyuta, ichapwe, kisha niifikishe chuoni, kwa sababu siku ambazo ofisi iko wazi yeye yuko kiwandani. Alinichagua mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mfalme wa insha darasani. Mwalimu alizoea kusoma zangu kwa sauti. Siri yangu haikuwa kubwa: nilikuwa nimekariri jua. Shuleni kwetu kila insha ilianza na jua. Ajali ya barabarani ilianza na jua. Mazishi yalianza na jua. Ng'ombe akipotea, jua lilichomoza kwanza ndipo apotee. Baada ya jua walikuja ndege, baada ya ndege umande, halafu methali tatu zikipangwa kama abiria, na kufikia hapo mwalimu ameshachoka na amekupa alama.

Kijana wa saiba, Kioko, alitazama mwandiko wa mama akakunja uso. "Nisomee, mimi nitachapa," akasema. Nikaanza kusoma. Sentensi ya kwanza ya mama ilikuwa kavu kama mahindi ya muthokoi yaliyolala. Nikamhurumia. Nikasoma kitu kingine ambacho hakikuwa pale: "Jua la asubuhi lilikuwa limechomoza likitabasamu kama bibi harusi, nao ndege wakitumbuiza juu ya matawi, nilipoanza kuwaza kuhusu watoto wa chekechea." Kioko aliacha kuchapa akanitazama. "Aisee. Mama yako ndiye anaandika hivi?" Nikamjibu kwamba kwetu iko damuni. Baada ya hapo sikushikika. Kila ukurasa niliuongezea umande. Palipokuwa na sababu nikaweka methali. Katikati kulikuwa na aya fupi kuhusu mtoto fulani asiyeongea darasani, haina hata ndege mmoja, nikairuka. Nikalipia, nikainusa karatasi ikiwa moto, nikaipeleka chuoni nikipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata mama alirudi kutoka masomoni, akakaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Alikuwa ameshika insha, na juu yake mhadhiri wao, Madamu Ndinda, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Lugha tamu. Unasema nini?" Chini kulikuwa na onyo kwamba alete nyingine Jumamosi ijayo, la sivyo wenzake waende mazoezini yeye abaki, angoje kundi la mwaka ujao. Mwaka mwingine wa cherehani.

"Mutuku," mama akasema. "Huyu bibi harusi ni wa nani?"

"Ni jua, mami."

"Na aya ya mtoto iko wapi?"

"Niliitoa. Haikuwa tamu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kandambili. Kandambili naijua, ina mwanzo na mwisho. Lakini mama aliinuka akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliiosha mpaka nikatamani nipigwe tu tumalize. Kisha akasema, bila kugeuka, "Madamu alisoma hiyo ya bibi harusi mbele ya darasa. Watu wazima, Mutuku. Mwingine alianza kupiga vigelegele." Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaona mabega yake, nikaacha.

Jumapili ilikuwa siku ya kufua. Nguo zilipokauka tukazitoa, mama akatandika zile fulskepu za kwanza kwenye kigoda uani na kuzisoma upya akiwa na kalamu. Uso wake ukabadilika. "Ai," akasema. "Hata yangu, ungeipeleka jinsi ilivyokuwa, ningefeli. Ila ningefeli kwa heshima." Kila kitu kilikuwemo, lakini kama nguo kwenye beseni: soksi hapa, sweta pale, soksi nyingine chini kabisa. Hoja moja ilianza ukurasa wa kwanza ikamalizikia wa nne. Akachukua makasi yake ya kushonea akaanza kukata karatasi, kila hoja na kipande chake. Upepo ukaja, vipande vikataka kwenda sokoni. Mimi, kwa mchezo tu, nikachukua pegi nikabana kimoja kwenye kamba. Nikamwambia, "Mami, hiki kilikuwa kibichi." Nilitaka acheke kidogo. Hakucheka. Akakitazama kikining'inia, akasema, "Kiache hapo. Lete kingine."

Ndivyo Mama Zuhura, jirani yetu wa chumba cha pembeni, alivyotoka na beseni la buibui zake akakuta kamba imejaa maandishi. Mama Zuhura ni mtu wa Kiswahili cha kwao Pwani, akikusalimu unahisi umesahihishwa.

"Mama Mutuku! Leo mwafua karatasi?"

"Ni insha, dada. Huyu wako aliivuruga."

"Wangu? Akivuruga ni wangu, akipita mtihani ni wako." Akaweka beseni chini, akafunga leso vizuri kiunoni, akaanza kusoma kutoka upande wa bomba. Alisoma zote. Sisi tulingoja kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya maabara. "Haya. Hapa wasema mtoto aanze kwa lugha ya mamake. Kule mwisho wasema yayo hayo. Hapa kati kuna uji. Uji umefuata nini?"

"Mtoto akishiba anaongea," mama akasema, kidogo kwa hasira.

"Basi sema hivyo, ama uji ushuke kambani. Na kabla ya yote, hebu niambie wewe mwenyewe, kwa pumzi moja: wataka nini?"

Mama akaanza kutafuta. Sijawahi kumwona mtu akitafuta sentensi namna ile, kama anatafuta funguo ndani ya mkoba mlangoni. Mwishowe akasema: "Nataka mtoto apokewe darasani kwa lugha aliyokuja nayo, halafu Kiswahili kiongezwe pole pole." Mama Zuhura akapiga makofi. Nikaandika sentensi ile haraka kwenye kipande kipya, tukakibana mwanzo kabisa wa kamba, karibu na ukuta. Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Kila kipande tulikishika tukakiuliza: wewe unasaidia sentensi ile ya ukutani, au umekuja tu kutembea? Kilichokuja kutembea kilishuka. Vilivyosema jambo moja vikabanwa pamoja chini ya pegi moja. Uji ulinusurika, lakini ulihamishwa.

Halafu Mama Zuhura akaleta balaa. "Na sisi tusiojua Kikamba? Zuhura wangu akiingia darasa hilo lako, si atakaa kama kiti?" Nilidhani tumemalizwa, insha imekufa. Mama alikaa kwenye kigoda akifikiri, akasokota ncha ya leso. Kisha akasema kwamba ndiyo, mjini watoto wamechanganyika, mwalimu hawezi kujua lugha zote. Mwalimu azungumze Kiswahili, lakini mtoto akijibu kwa lugha ya kwao asinyamazishwe. Akaandika pingamizi la Mama Zuhura kwenye kipande chake, na jibu lake chini yake, vikabanwa kabla ya mwisho. Hoja ya mpinzani ikawa imepewa pegi kama nyingine. Mimi ningeificha chini ya godoro.

Kilibaki kipande kimoja, ile aya niliyoiruka. Mama alikuwa na pegi mdomoni, mikono juu, akisogeza vipande kukipa nafasi karibu na hoja ya kwanza. Mama Zuhura akakisoma kwa sauti: mtoto wa kiume aliletwa mjini kutoka Kola, alikokuwa akilelewa na nyanya yake. Muhula mzima hakutamka neno darasani. Mwalimu alisema huenda hasikii, apelekwe hospitali akapimwe masikio. Siku moja mpishi wa shule alimuuliza kwa Kikamba kama ameshiba. Mtoto akamjibu.

"Maskini," Mama Zuhura akasema. "Mtoto wa nani huyu?"

Mama hakuweza kujibu kwa sababu ya pegi. Akanyoosha kidevu upande wangu.

Nilisimama pale na kikopo changu cha pegi. Nakumbuka machache sana ya ule muhula: kiti cha plastiki cha kijani, harufu ya uji wa wimbi, na midomo ya watu wazima ikitembea kama ya watu walio nyuma ya kioo cha dirisha. Nyumbani kwa Susu, nyanya yangu, sikuwa na shida ya maneno hata siku moja, nilikuwa naongea hadi na kuku. Sikujua kwamba mama aliyaweka moyoni yote hayo. Sikujua kuhusu masikio. Nilikuwa nimesimama saiba, nikajisoma, nikajiona si mtamu, nikajiruka. Kwa kawaida mimi huwa na mzaha mfukoni kwa kila jambo. Nilitafuta, sikuupata.

Mama akatoa pegi mdomoni. "Madamu anasema mfano hautoshi. Lazima ueleze kwa nini umeuleta. Andika wewe, Mutuku. Kwa nini nimemleta huyu mtoto?"

Nikapiga magoti kando ya kigoda nikaandika, na sikuandika jua: "Mtoto huyu hakuwa mjinga wala kiziwi. Alikuwa hajaulizwa kitu kwa lugha anayoijua." Mama alisoma, akakibana kipande changu chini ya chake, na hakubadilisha hata nukta.

Hitimisho lilichukuliwa na upepo likaangukia kwenye beseni la buibui. Mama Zuhura akaapa hakulisukuma. Tukaandika jingine, fupi, lililorudi kwenye sentensi ya ukutani na kusema tumefika wapi nayo, bila kuleta mgeni mpya mlangoni wakati watu wanaaga. Kesho yake nikarudi kwa Kioko nikasoma neno kwa neno, kidole kwenye mstari. Alipomaliza ukurasa wa kwanza akauliza, "Na jua?" Nikamwambia leo kuna mawingu.

Sasa niko shule ya upili na tunakaa Kola, nyuma kidogo ya nyumba ya Susu. Mama anafundisha chekechea mwendo mfupi kutoka hapo, na jioni anafika jua likiwa bado lipo, hana nyuzi za bluu kichwani bali chaki na wakati mwingine makamasi ya watu wengine. Mwalimu wangu wa Kiswahili anapenda insha zangu za hoja ingawa hanipendi mimi, na nadhani yuko sawa kwa yote mawili. Kabla ya kuandika huwa najiuliza swali la Mama Zuhura, kwa pumzi moja, na nikikosa jibu najua sina insha, nina nguo mbichi tu. Jua bado nalitamani, siwadanganyi. Mara nyingine huliandika kwenye karatasi ya majaribio, nikalisoma, nikalikata. Wakati ule nilidhani kuandika ni kuwafanya watu waseme "aisee". Kamba ile ya ploti sijui sasa inaanika nguo za nani, lakini sijawahi kukaa na mama kwa muda mrefu hivyo, mchana mzima, tukitafuta pamoja alichotaka kusema. Siku hizi ana muda zaidi, mimi ndiye sionekani nyumbani.

Siku ile aliporudi na majibu ya insha alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, mimi nyuma yake. Nilimuuliza amepata ngapi, amepita, ataenda mazoezini, Madamu amesema nini, ameisoma tena mbele ya darasa, na ile aya ya mtoto ameipigia mstari, na sentensi zangu mbili je, na mbona hajibu. Mama alinionyesha alama ya kupita, juu kabisa ya ukurasa, kwa wino uleule mwekundu, pamoja na maneno "Sasa nakusikia." Nikaanza upya, kwa sauti zaidi. Akaifunika sufuria, akaikunja karatasi akaitia kifuani, akasema:

"Muhula ule mzima nilikuwa napiga magoti nikimwomba Mungu uongee. Ningejua, ningeomba nusu."