Mchele Mkavu

Anayebisha kwamba pumba la mpunga linawasha, na alilalie siku moja, kisha tuzungumze.

Mwaka ule, katika miaka ya hamsini, mto ulipanda ukala shamba letu lote kule Mofu. Baba akanileta Ifakara kwa shangazi, dada yake, ambaye alikuwa akipepeta mchele kwenye mashine ya kukobolea ya tajiri mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa, bado sijaolewa.

"Fanya kazi na shangazi yako mpaka tuvune tena," baba aliniambia. "Wadogo zako wanakutegemea."

Nikaitikia. Ningesema nini?

Kupepeta hakukunishinda. Kilichonishinda ni lango. Jioni kila mwanamke alipekuliwa na nyapara, asije akatoka na mchele kwenye pindo la khanga. Wanaume wabeba magunia walipita wakipunga mikono tu, kana kwamba wao hawali wali. Nyapara alikuwa mtu wa watu, kanisani anakaa mbele, na mikono yake haikuwa na haraka. Ilitafuta mchele mahali ambapo mchele haukai. Ukijivuta, anauliza kwa sauti, "Unaficha nini?" na watu wote wanageuka kukutazama wewe, si yeye.

Siku ya kwanza nililia njia nzima.

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akasema. "Mwaka jana kuna mwenzetu alimpiga kofi. Kesho yake akakutwa na mchele kifuani. Mpaka leo sokoni wanamwita mwizi."

"Kwani aliiba?"

"Aliwekewa."

Pumba lilikuwa wazo langu, na mpaka leo najivunia. Kabla ya kutoka nilijipaka pumba laini mwili mzima, chini ya khanga, na wenzangu wakafuata. Nyapara alijikuna mpaka shingoni. Tulicheka njiani hadi machozi, huku na sisi tukijikuna kama mbwa wenye viroboto. Nilijidanganya kwamba tumemweza.

Baada ya siku chache akatangaza kwamba tunatoka wachafu, tutawapelekea watu maradhi. Kuanzia siku hiyo kila mwanamke ajimwagie maji ya pipa kwanza, nguo na yote, ndipo apekuliwe. Khanga iliyolowa inashika mwili. Sina haja ya kueleza zaidi.

Nikaenda kwa tajiri. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kadiri mdomo wangu ulivyoweza, maana kuna maneno msichana wa kwetu hakuyatamka mbele ya mwanamume. Alinisikiliza, sitamsingizia.

"Sasa, binti, amekuibia nini?" akaniuliza.

Kama angeniibia jembe ningelitaja.

"Basi akikuibia, njoo," akasema, akainama kutazama mizani yake.

Sijui nani alimpelekea nyapara habari. Jioni ile aliniambia nisubiri, nipite wa mwisho. Nilijimwagia maji kama wenzangu, nikasimama mbele yake. Mkono wake uliingia kwenye pindo la khanga yangu, ukatoka umefumba. Akaufumbua juu, watu waone. Mchele.

Ulikuwa mkavu. Mimi nilikuwa natiririka maji mpaka kwenye nyayo, na mchele uliotoka kwangu ulikuwa mkavu kama ulivyotoka kwenye gunia. Niliuona. Shangazi aliuona, na wanawake wote waliosimama nje ya lango waliuona. Tajiri aliitwa, akauchezea kwa kidole kiganjani mwa nyapara, kisha akakifuta kidole kwenye shati. Kilikuwa hakina hata unyevu wa kufuta.

"Asirudi tena," akasema.

Nilimgeukia shangazi, naye akatazama chini. Niliumia, lakini nilimwelewa papo hapo. Mimi nimeshafukuzwa, wadogo zangu wa Mofu walibaki mikononi mwake, na yeye hakuwa na mahali pengine pa kupata riziki.

Kesho yake alikwenda kazini. Mimi nilibaki nyumbani nikipika, na nje siwezi kwenda, maana jina la mwizi lilikwisha kufika sokoni kabla yangu. Jioni shangazi alirudi amelowa, katikati ya kiangazi. Akabadili nguo, akaianika khanga uani, akakaa mkekani. Nikapakua wali, tukala, wala hakuna aliyeitaja ile khanga. Ikawa hivyo kila jioni mpaka mavuno.

Niliuchukia wali ule, na kila siku niliumaliza.