Chupa ya Tofi Aliyoiacha Orrin

Orrin Tuttle alikufa mwezi Aprili akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, buti moja mguuni na nyingine mkononi. Hakumwachia mkewe Lenore neno la kuagana, na hakumwambia alikoificha chupa ya tofi.

Zilikuwa tofi za bangi. Alizipika mwenyewe majira ya baridi kwa siagi, sukari na maua ya shamba lao la mwisho, kwa sababu ya baridi yabisi iliyomkunja Lenore vidole na kumkaza nyonga. Kila jioni alitoka nje, akarudi na tofi moja iliyofungwa kwenye karatasi ya nta, akaiweka kwenye kisahani mbele yake. Wapi alikokwenda, Lenore hakuuliza. Alijifundisha hata kutotazama dirishani.

Hivyo ndivyo watu wa vilima vile vya kaskazini mwa California walivyoishi tangu enzi za helikopta za polisi zilizosaka mashamba yao. Katika kila nyumba ya wakulima wa bangi mmoja alificha, mwingine hakujua, ili askari wakija, asiyejua aape bila kutetemeka. Lenore aliwahi kuapa mbele ya hakimu, akaaminiwa, kwa kuwa alisema kweli. Sheria ikabadilika, helikopta zikaacha kuja, wazee wenzao wakaanza kuweka chupa zao kabatini kama watu wengine. Orrin hakubadilika. Lenore alipomwambia mambo yamekwisha, alicheka tu na kusema ameshazoea.

Mjini palikuwa na duka lenye taa nyeupe lililouza tofi kama hizo. Lenore alikwenda, akanunua, akajaribu. Zilimtia kizunguzungu bila kumpa usingizi. Lakini hata zingemfaa, asingeacha kuitafuta chupa ile, kwa maana ndani yake mlikuwa na kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe.

Akatafuta. Alifumua mbao za sakafu ya ghala, akachimba chini ya banda la kuku, akapapasa mashina yenye matundu. Maxine Pruitt, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuja na sepetu yake kumsaidia.

"Mumeo alikuwa panya, si mtu," Maxine alisema, akijifuta jasho. "Wangu hata soksi zake hakujua zilipo."

"Wako alikamatwa."

"Ndiyo nasema, shoga. Angejua kuficha, nami ningekuwa nachimba kwangu."

Walicheka, kisha Lenore akakaa juu ya udongo waliouchimbua na kuitazama mikono yake. Alimwambia Maxine kwamba usiku hasikii uchungu wa kufiwa, anasikia maumivu ya vidole tu, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Hata kumlilia mumewe vizuri hajapata nafasi.

Julai ikaja na joto. Nyasi za mteremko zikageuka rangi ya mkate, na asubuhi moja bomba la jikoni likakohoa, likatema hewa, likatoa maji machache. Lenore akajua maji yanashuka kwenye chemchemi ya mlimani iliyolisha nyumba yao. Alisimama pale na birika mkononi, akiyakumbuka manung'uniko ya Orrin kila alipomkuta ameacha siagi dirishani. Mwanga unaiua, alisema. Joto linaiua. Hewa inaiua polepole zaidi, lakini inaiua. Friji hakuliamini, maana umeme wao ulikuwa wa jua na kila mawingu yalipotanda lilizimika.

Ndipo alipoelewa kosa lake. Miezi yote ile alikuwa akitafuta kama askari. Lakini Orrin hakuwa tena na askari wa kumkimbia. Alikuwa mpishi anayekimbia joto.

Alipanda mpaka kwenye chemchemi akiegemea fimbo, akipumzika kila penye kivuli. Pale juu palikuwa na kisanduku cha saruji kilichokusanya maji ya nyumba, katikati ya majani ya kangaga. Akakisukuma kifuniko kwa bega. Chupa ilikuwa ndani, ya kioo cheusi, imefungwa kwa waya kwenye bomba, na maji, yaliyopaswa kuifika shingoni, yalikuwa yameifika kiunoni tu.

Nta iliyoziba mdomo wa chupa ilikuwa imelainika. Tofi za juu zilikuwa zimetoka jasho na kugandana, zikinuka nyasi kuukuu. Za chini, zilizobaki ndani ya baridi, zilikuwa ngumu na safi, kila moja na karatasi yake iliyosokotwa ncha kwa mkono wa kushoto, kama alivyosokota Orrin.

Alikula moja palepale, akangoja. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha vidole vikaanza kumwachia, kimoja baada ya kingine, na kilichokuwa nyuma ya maumivu kikapata njia. Lenore alilia akiwa ameikumbatia chupa, kwanza kwa hasira. Miaka yote amelindwa dhidi ya askari wasiokuja tena, na kwa ulinzi huo hakuwahi kupelekwa hapa, mahali pazuri hivi, hata siku moja. Baadaye alilia bila hasira.

Alijua hata zile nzuri hazitadumu. Baridi huchelewesha tu. Atazila, na zikiisha zimeisha.

Alizitupa zilizoharibika, akaishusha chupa mpaka kina ambacho maji hayangekiacha, akakaza waya. Jioni Maxine alipopita kumjulia hali, Lenore alimpokea na fimbo tayari mkononi.

"Nimeipata. Njoo nikuonyeshe ilipo."

Maxine akarudi nyuma, kwa mazoea ya miaka, akaziba masikio. "Usiniambie, shoga."

"Nakuomba," Lenore alisema. "Nataka pawe na mtu anayejua."

Maxine alimtazama, kisha akashusha mikono.