Laptopu Ndogo ya Kikundi

Kikundi chetu cha akina mama wafinyanzi kilipoamua kununua kifaa cha kuandikia kumbukumbu na kuonyeshea vyungu kwa wanunuzi wa mbali, nilitumwa mimi, katibu, pamoja na mwenyekiti. Yeye na mimi tumekulia ufukwe mmoja, tumefinyanga pamoja tangu usichana. Ananiita dada, nami namwita hivyo hivyo.

Hakujua kwa nini niliacha udongo. Niliwaambia wote kwamba kifua changu kinakataa moshi wa kuchomea vyungu. Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Kwetu mtu mzima akitetemeka mikono, watu hunong'ona pombe, na mimi ni mama wa kanisa, hata kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, sijawahi kuonja. Basi nikaukimbia udongo, wakanipa ukatibu.

Njia nzima mwenyekiti alisifia kishikwambi. Walimu wanavyo, kinapiga picha, kinaingia kwenye mkoba. Niliitikia tu.

Dukani, mtaa wa Bondeni mjini, muuzaji alituamkia, akaweka mezani kishikwambi na laptopu ndogo nyeusi. Akakiwasha kishikwambi, akanisogezea.

"Andika jina la kikundi, mama, uone kilivyo chepesi."

Nilikishika kwa mkono wa kushoto, nikanyoosha kidole cha kulia. Kabla sijafika kwenye herufi niliyoitaka, kidole kilikuwa kimeshagusa tatu nyingine. Nikafuta. Kufuta kukafungua picha, picha ikatoweka, ghafla ukalia muziki.

"Gusa mara moja tu, mama. Taratibu," alisema muuzaji, akiuzima.

Nikajaribu tena. Safari hii mkono ulioshika nao ukaanza kutetemeka, kishikwambi kikawa kinagongagonga kioo cha meza. Mama mmoja aliyekuwa anachagua chaja akageuka. Nilimfahamu, hununua vyungu vyetu sokoni Ipinda. Aliitazama mikono yangu, kisha macho yangu, kama anatafuta wekundu wa ulevi. Nilitamani sakafu ifunguke.

Nikakiweka chini. "Tuchukue laptopu."

"Ya nini?" mwenyekiti aliuliza. "Hiyo utaizungusha kwenye vyungu kupiga picha?"

"Kishikwambi kitavunjika upesi."

"Dada, si tulikubaliana na wenzetu?"

"Mimi ndiye nitakayeandika!"

Duka zima lilinisikia. Mwenyekiti alifungua mdomo anijibu, akaufunga. Alikuwa ameuona mkono niliouficha ndani ya kanga, na kanga yenyewe ilikuwa ikitikisika.

Alimwomba muuzaji aifungue laptopu. Nililaza viganja chini ya vitufe, vikapata pa kuegemea, nikabonyeza. Vitufe vile vilitaka nguvu kidogo, kidole kikipapasa tu havikujibu. Polepole jina la kikundi likatokea, likiwa na herufi moja ya ziada.

"Tunachukua hii," mwenyekiti akamwambia muuzaji. "Picha nitapiga kwa simu yangu."

Nilipata nilichokitaka, na bado nilitembea mpaka stendi nikitazama chini. Laptopu aliibeba yeye. Tulipoketi kusubiri gari akaniuliza, "Imeanza lini?"

"Kabla sijaacha kufinyanga."

"Na kifua?"

"Kifua hakina neno."

Aliipakata laptopu. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Mimi nilidhani umetuchoka. Nilikuwa namwambia mume wangu, dada yangu siku hizi hapendi kukaa na sisi."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja. Nilikuwa nimeshughulika na kuificha mikono yangu, kumbe yeye alikuwa akijiuliza ni kosa gani alilonitendea. Aibu ya dukani ilikuwa nyepesi kuliko hii. Nikasema kwa lugha yetu, "Ndaga, dada," yaani asante na pole kwa pamoja.

Alinisindikiza hospitali. Daktari alinieleza kuwa ni ugonjwa, wala si wa pombe, akanipa dawa. Zinasaidia kiasi. Mwenyekiti aliwaeleza wenzetu kwa idhini yangu, nami nilikaa pale nikikunja pindo la kanga mpaka akamaliza. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza tu kama nitaweza kuwaandikia barua ya kumwomba mwenye hoteli ya ufukweni atupe nafasi ya kuuzia vyungu.

Niliiandika, na nafasi tukaipata. Lakini mgeni akiingia ofisini kwetu kuulizia vyungu, mikono yangu hushuka yenyewe chini ya meza, na huwa nangoja ageuze uso ndipo nibonyeze herufi inayofuata.