Mstari wa Wanja Kwenye Mshale wa Mafuta

Mume wangu wa kwanza alichora mstari kwa wanja wangu kwenye kioo cha mshale wa mafuta. Jumamosi alijaza tangi. Alhamisi jioni, akitoka dukani kwake, alifungua gari kabla ya kunisalimu, akazungusha ufunguo, akainama kutazama. Mshale ukiwa sawa na mstari tulikula kwa amani. Ukiwa chini yake nilipigwa.

Namba za kilomita zilikuwa zimekufa kabla hatujalinunua gari lile, ndiyo maana alishikilia mshale. Alikuwa ameipima njia yeye mwenyewe, wiki nzima: kutoka kwetu Ganjoni hadi shule ya watoto Tudor, kwenda na kurudi, asubuhi na alasiri. Bondeni, kwa mamangu, hakukuwamo katika hesabu yake. Mamangu alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilichotaka kuoshwa kila siku, na hakuwa na mtu mwingine wa kukiosha.

Wiki ya kwanza niliyopitia Bondeni mshale ulishuka upana wa ukucha. Alinishika nywele akanigonga paji la uso kwenye usukani mpaka honi ikalia. Jirani wa juu alichungulia, akafunga dirisha lake. Siku hiyo alitukuta ndiyo kwanza tunafika; watoto walikuwa kiti cha nyuma na mikoba yao mapajani. Damu iliniingia jichoni, nami nikaapa palepale kwamba kidonda kitaoshwa na mshale hautashuka.

Basi nikajifunza kuendesha upya. Yeye aliendesha kama alivyopiga: anakanyaga mafuta kwa nguvu, anaikamua gia ya pili mpaka injini inapiga kelele, kisha anafunga breki kwa ghafla, halafu anaanza tena. Mimi nilifanya kinyume chake. Nilipandisha gia mapema, ya tatu, ya nne, injini ingali inanong'ona. Nikiona gari la mbele limesimama, niliinua mguu mbali kabla ya kulifikia, gari likapungua mwendo lenyewe. Nilijaza upepo magurudumu. Nilitoa magunia yake ya nguo kwenye buti na kuyarudisha jioni. Turubai lililokuwa likipigapiga juu ya keria nililikunja nikaliweka ndani, na jioni nikalirudisha juu. Kwa mwendo wetu wa mjini sidhani upepo wa juu ulinipunguzia mafuta, lakini sikutaka kumwachia hata tone.

Kosa moja nilikuwa nalo kutoka kwa marehemu babangu, dereva wa lori bandarini. Yeye akishuka mteremko alitoa gia, akisema gari limetiwa huru. Nami nilishuka hivyo hivyo, nikijiona mjanja, mpaka fundi akaniambia magari ya siku hizi yakitiwa huru injini huendelea kunywa mafuta ili isizime. Ukiiacha ndani ya gia na mguu juu, haipewi kitu. Niliudhika kwamba hata neno huru lilikuwa linaniibia.

Miezi ikapita. Kila siku Bondeni, kila siku kidonda, na kila Alhamisi mshale sawasawa na mstari. Nilimchukia, na kushinda kule kulinipa raha ambayo sijaipata tena.

Kisha mama mdogo akaja akamchukua mamangu Malindi, wiki moja, amwone daktari wa huko. Sikupita Bondeni wiki ile. Lakini mguu ulikuwa umezoea; niliendesha vilevile, polepole, bila kufikiri. Alhamisi alinikuta bado nimo garini, akainama kutazama. Mshale ulikuwa juu ya mstari, mbali juu.

Alitazama muda mrefu. Halafu akauliza taratibu, "Nani anokutilia mafuta?"

Nikamwambia hapana mtu. Akauliza tena mwanamume gani. Pigo la kwanza lilinivunja jino. Alinivuta nje ya gari kwa buibui, akanipiga mateke ya mbavu pale chini, kila teke na swali lilelile, na mimi nilikuwa na jibu la kweli ambalo lingemfungia mamangu mlango. Nikalimeza pamoja na damu. Alipochoka aliniambia nikaoshe uso, kesho kuna shule.

Ijumaa alasiri niliwachukua watoto Tudor, kila pumzi ikinichoma mbavuni. Nilishusha vioo vyote. Nilitia gia ya pili na sikuitoa. Nilikanyaga, nikafunga breki, nikakanyaga. Nilikizunguka kisiwa chetu chote, nikapita Ganjoni mbele ya nyumba yetu bila kusimama, nikazunguka tena, injini ikilia kwa sauti ileile niliyoinyima miezi yote. Turubai, ambalo siku hiyo nililiacha juu ya keria, lilikatika kamba moja likawa linapiga paa. Mwanangu mdogo akauliza, "Mama, gari lina nini?" Nilikuwa nacheka, na mdomo ukitoka damu.

Nilipofika Bondeni mshale ulikuwa chini sana ya mstari. Mamangu, aliyerudi asubuhi ile, alisimama mlangoni na fimbo yake, akautazama uso wangu.

"Zima gari, mwanangu," akasema. "Ndoo i ndani; leo naosha mimi."

Mume wangu alikuja kesho yake. Nilimwona kutoka dirisha la juu, nikishikilia mbavu. Hakubisha hodi. Alikwenda kwanza kwenye gari, akafungua mlango, akazungusha ufunguo wake wa akiba, akainama kutazama.