Mlango Uliofichwa kwa Sébastien

Serikalini aliitwa sitwayeni, yaani raia, Mwamba, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nyumbani na kazini alibaki Damien. Alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya gari la moshi ya Kalemie, mtu wa shati lililopigwa pasi, mwenye mke mmoja, Hortense, na adui mmoja, Sébastien, ambaye hakuwa na habari kwamba ni adui.

Sébastien alikuwa jirani. Alishuka kutoka kaskazini ya ziwa na mtumbwi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa, akabaki, akanenepa. Yeye na Damien walipanga nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa matofali ya tanuru moja: sebule, vyumba viwili, sakafu ya saruji nyekundu, baraza ya mabati, na mlango wa mbele wa mbao nzito uliochongwa maua. Mwenye nyumba hizo, mjane aitwaye Mama Elisabeth, alikuwa amehamia Kongolo kwa binti yake. Mpita njia angeapa kwamba nyumba zile ni pacha. Damien peke yake ndiye aliyejua kwamba si kweli. Upepo wa ziwa ulianzia kwa Sébastien, ukamfikia yeye ukiwa umeshatumika. Redio ya Sébastien ilishika Kigoma vizuri kabisa. Yake ilishika mikwaruzo. Hata mvua, alivyosikia yeye, ilipiga mabati ya kule kwa heshima zaidi.

Wakati wa kiangazi Mama Elisabeth alituma neno: anauza nyumba zote mbili, na wapangaji wenyewe ndio wa kwanza kuulizwa. Sébastien alinunua yake wiki ileile. Damien alikuwa na akiba ya kutosha kufanya vivyo hivyo, lakini kununua nyuma ya Sébastien kungeonekana kama kumfuata.

"Tunangoja nini?" Hortense alimuuliza.

"Muntu mwenye akili anaangalia kwanza."

Akaangalia mpaka mvua za kwanza, na mvua zikaja na sheria mpya. Zamani kila aliyenunua nyumba alilipa kodi moja ya ununuzi, awe amenunua jumba au kibanda. Sasa ajenti wa biro, ofisi ya kodi, angekuja kuitazama nyumba na kuipanga daraja. Ya daraja la tatu ingelipiwa kidogo kuliko zamani. Ya daraja la kwanza ingelipiwa mpaka mnunuzi ajiulize kama kulala nje ni kubaya kiasi hicho. Akiba ya Damien ilitosha bei ya nyumba na kodi ya daraja la tatu, basi. Na Mama Elisabeth alikuwa ameongeza neno: karatasi zisipokuwa tayari kabla ya Noeli, nyumba itakwenda kwa mfanyabiashara wa saruji wa Kabimba, ambaye yeye hana tabia ya kuangalia kwanza.

Mji wa Kalemie haukuchelewa kuielewa sheria. Kabla ya ajenti kufika mtaani, watu walizivua nyumba nguo. Mapazia yalitoka, vioo vilitoka, kuta zilipakwa masizi ya sufuria, na sakafu nzuri ilifunikwa udongo na majivu kama maiti ya mtu mwenye aibu. Ajenti mwenyewe alijua. Lakini sheria ilimtaka aandike anachokiona, naye alikuwa mtu wa sheria.

Hortense aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Alipofikia ule mlango wa maua akasimama.

"Huu tupeleke kwa Bibiane."

Bibiane alikuwa mke wa Sébastien.

"Kwa nani?" akasema Damien.

"Unataka niufiche wapi, ndani ya mufuko? Wao walishalipa ya zamani, hakuna anayekuja kuwaangalia. Papa Sébastien mwenyewe amesema ataubeba."

Na kweli aliubeba, kwa bega moja, akipiga mluzi. Damien alitamani umwangukie kidogo, si sana. Pale mlangoni Hortense akatundika gunia.

Ajenti alikuja saa za jua kali, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, jasho likimtiririka. Damien alikuwa amesimama mbele ya gunia lake tangu asubuhi, amevaa shati bovu kwa amri ya mkewe. Kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka kwenye baraza ya jirani.

"Sitwayeni, jua litakuua. Kuja kwanza tunywe chai."

Ajenti akapanda barazani kwa Sébastien. Waliketi kwenye meza ndefu iliyowekwa juu ya mapipa mawili, Bibiane akaleta chai na mikate. Ajenti alipapasa ubao kwa kiganja, akafuata ua moja lililochongwa kwa kidole.

"Meza kama hii sijaona," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Eh, ni ya nyumbani tu," akajibu Sébastien.

Damien aliyasikia yote hayo akiwa hatua chache tu, upande wa pili wa uzio wa miyaa. Ule ulikuwa mlango wake. Kwa miaka yote aliyoufungua na kuufunga, hakuna aliyewahi kuupapasa.

Hatimaye ajenti akaja, na Sébastien nyuma yake, kusaidia. Ajenti aliinua gunia kwa ncha ya kalamu. Aliangalia kuta nyeusi. Aliangalia sakafu ya majivu.

"Hapa njo anaishi karani wa stesheni?"

"Sitwayeni, andika tatu," akasema Sébastien kwa huruma. "Kama kuna ine, andika ine. Mbuzi zangu mimi zinaonaga haya kulala humu."

Hortense alicheka kicheko cha unyonge, kama ilivyopaswa. Ajenti naye alitabasamu, akafungua karatasi zake, akaandika tatu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Ila alikuwa amekunywa chai, na mtu aliyekunywa chai hupenda kuzungumza.

"Lakini nyumba yako wewe," akamwambia Sébastien, "ingekuwa leo, ni ya kwanza, bila kubishana. Unaona? Mutaa moja, lakini watu hawafanane."

"Zinafanana," akasema Damien.

"Nini?"

"Nyumba. Zinafanana. Fundi ni mumoja."

"Damien," akasema Hortense.

"Sitwayeni, huyu ana homa toka jana," akasema Sébastien upesi.

"Sina homa." Damien alikuwa ameanza kusugua majivu kwa kisigino. Wekundu ukatokea, kwanza kama sarafu, kisha kama sahani. "Saruji nyekundu. Sawa na yake. Yake ina ufa kule chumbani, yangu haina. Na ile meza uliyonywea chai ni mulango yangu."

Ajenti alikuwa ameshaona watu wakilia mbele yake ili wapewe daraja la tatu, na mmoja alizimia. Hajapata kuona mtu anayelikataa. Aliifuta ile tatu kwa uangalifu mkubwa, akaandika moja.

Hortense alifagia majivu mpaka jioni. Kisha akasema, "Haya. Sasa uza."

Damien alimlipa Mama Elisabeth bei yake, kisha kwa ajili ya kodi akauza baiskeli, akauza redio ya mikwaruzo, akauza mabati ya barazani. Mlango ulikuwa wa mwisho. Kabla ya Noeli, mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu mwenye fedha mkononi, na mlango haukuhitaji hata kubebwa. Sébastien alilipa bei iliyotajwa. Hakupunguza chochote, na hilo Damien hakumsamehe.

Mfanyabiashara wa Kabimba alirudi kwao mikono mitupu. Karatasi ilitoka, yenye muhuri na lile neno *première*, daraja la kwanza, Damien akaigongomea ukutani sebuleni. Watu wa mtaa walikuja kuiona. Sébastien naye alikuja, akaisoma polepole, akairudia. Karatasi yake, ya sheria ya zamani, haikuwa na daraja lolote. Aliondoka bila kupiga mluzi. Siku za baadaye Bibiane alimnong'oneza Hortense kwamba bwana wake hali chakula vizuri, na anauliza kama biro inaweza kuongeza neno moja tu kwenye karatasi iliyokwisha kutolewa, hata kwa kulipa.

Hortense alimsimulia mumewe. Damien alilala usingizi ambao hajaupata tangu ahamie mtaa ule wa Lubuye.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Mbuzi wa Sébastien walikuwa wamepita chini ya gunia, nao walikuwa wamelala sebuleni kwenye saruji nyekundu, wakavu, chini ya ile karatasi. Hortense alisimama na ufagio akawatazama.

"Zimeacha haya," akasema, akaanza kufagia pembeni yao.