Ndoto za Mchana Nyumbani kwa Mama Mkwe

Mume wangu alinioa Mbeya, akanipeleka Iringa kwa mama yake, kisha akarudi zake kwenye ujenzi wa reli. Nikabaki na mwanamke aliyeniambia tangu siku ya kwanza, mwanawe akiwa amesimama pale pale, kwamba wasichana wa Mbeya wana kiburi na hajui huyu ameokotwa wapi. Mume wangu alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilielewa vizuri kabisa.

Sitamsingizia. Chakula alinipa. Ila hakuna nilichofanya kikamfaa. Ugali wangu ulikuwa mgumu, kufagia kwangu kulitimua vumbi, na nikisema neno aliniiga matamshi yangu ili mabinti zake wacheke. Mume wangu alipotuma doti ya khanga kwa ajili yangu, aliikunjua, akaitazama, akaivaa yeye. Akaenda nayo kanisani.

Baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka barazani akalala. Mimi nilikaa kwenye kigoda uani, fimbo mkononi, nikiwafukuza kuku wasile ulezi ulioanikwa. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimeshateka maji na kutwanga, na jua lile lilinilegeza mwili wote. Nikisinzia, fimbo ilianguka. Ikianguka, aliamka.

"Mlale huko kwenu! Hapa tunafanya kazi!"

Alisema hivyo akiwa bado amejilaza.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kulala bila kuiachia ile fimbo. Niliegemeza kiwiko gotini, mkono ukiwa umesimama, nikayaacha mawazo yangu yote yakae kwenye vidole vinavyoishika. Miguu ikawa mizito, kisha mabega. Nikauacha mwili uende zake, ila mimi nikabaki pale kwenye vidole, naangalia. Mara nyingi nilishindwa. Ama nilizama moja kwa moja na fimbo ikaanguka, ama nilishtuka nikawa macho kabisa. Kisha siku moja nikasikia mvumo masikioni, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mbali. Macho yalikuwa yamefumba lakini niliuona ua, na kuku, na mkeka wa ulezi. Nilitaka kusogeza mguu, haukusogea. Nyumbani tuliita hali hiyo jinamizi, na nilitishwa nayo tangu utotoni. Lakini nilikuwa na hasira kuliko woga. Nikatulia mvumo upite, kisha nikainuka.

Nilijua naota. Nyuma ya choo, badala ya majabali ya Iringa, palikuwa na mlima wa kwetu, wa kijani, na ukungu wake. Nilitembea mpaka barabarani nikiwa najua kwamba nimekaa kwenye kigoda na fimbo ninayo. Nilipozinduka, ulezi ulikuwa salama.

Mtu mwingine angetumia njia hiyo kwenda kumsalimia mama yake. Nami nilifanya hivyo mara chache. Lakini mara nyingi nilikwenda barazani kwa mama mkwe. Nilisimama juu yake nikamwambia yote ambayo mchana kutwa niliyameza. Huko ndotoni hakujibu kitu. Nilimvua khanga yangu, na alipobaki bila khanga alikuwa kuku tu, akakimbilia uani. Niliporudi kwenye kigoda nilikuwa nimepumzika kweli kweli, na nilimtumikia jioni nzima kwa upole. Alianza hata kunitazama kwa mashaka.

Kisha nikashikwa na homa. Zahanati walinipa kwinini, na mama mkwe akanipa fimbo.

"Homa haizuii kukaa," alisema.

Wanawake wenzake wa kanisani walikuja mchana huo. Aliwakaribisha barazani, amevaa ile khanga. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nikitetemeka, na kwinini ilikuwa inavuma masikioni. Ulikuwa ule mvumo nilioujua. Ua ulikuwa unayumba. Nikatazama nyuma ya choo kuutafuta mlima wetu, lakini macho hayakufika. Nikaona nimeshavuka, niko ndotoni. Nikainuka, nikaenda barazani.

"Mama," nilisema, "wewe ni mwizi. Khanga hiyo ni yangu, na kila Jumapili unaivaa kanisani mbele ya Mungu."

Nikaishika pindo, nikavuta.

Kofi alilonipiga liliniuma hadi kwenye jino. Ndotoni sikuwahi kuumia. Nikakaa chini pale pale, pindo bado mkononi, nikiwatazama wale wanawake mmoja mmoja.

"Una wazimu?" mama mkwe alifoka.

"Nilidhani naota," nikasema.

Mama mkwe ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliinama, uso wake karibu na wangu.

"Kwa hiyo ndotoni ndivyo unavyonifanya?"

Ningeweza kusema hapana. Homa ingenitetea, na wale wanawake wangeniombea. Lakini shavu lilikuwa linawaka.

"Ndiyo, mama. Kila siku."

Jioni ile aliitwa baba mdogo wa mume wangu awe mwamuzi. Alitaka kujua naingiaje huko. Nikamweleza kila kitu, kiwiko, vidole, mvumo, na yeye akasikiliza ameinamisha kichwa, akauliza hata fimbo iwe nzito kiasi gani. Nikaona ameelewa. Nilipomaliza alisema huo ni uchawi, nirudishwe kwetu. Asubuhi nilipandishwa basi la Mbeya na sanduku langu. Khanga ilibaki.

Mama yangu hakuniuliza mengi. Alinitandikia kitanda nikalala mpaka homa ikaisha, usingizi wa kawaida, mweusi.

Mume wangu alikuja baadaye, amechoka na safari na maneno ya ndugu zake. Tulikaa nje. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Na mimi je," aliuliza, "huko huwa unanifanya nini?"

"Wewe hujawahi kutokea huko."

Nadhani angependelea nimwambie kwamba nampiga. Akaomba kazi upande wa Mbeya, akapata, tukapanga chumba, na tangu hapo hatukuzungumzia tena jambo hilo. Nilijaribu ile njia mara kadhaa nikiwa kwangu, nimejilaza kitandani, hakuna wa kunifokea. Niliishia kulala tu.

Mama mkwe hakukanyaga nyumba yangu. Wajukuu zake tulipowapeleka kwake aliwapokea, akawalisha, na kila walipolala mchana alikuwa akiwaamsha, wasije wakaota kama mama yao. Alipofariki nilikwenda Iringa, nikapika msibani na wakwe wengine. Mawifi walinitazama waone kama nitalia. Sikulia.